Mashua Aliyoiacha Marehemu



Shukrani zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake. Ama baad.

Wapenzi wasomaji, kila Ijumaa nyumba nyingi za mwambao wetu husomwa Suratul Kahf. Ndani yake mna kisa cha Nabii Musa (A.S.) na yule mja mwema ambaye wanazuoni humwita Khidhri. Sote twakumbuka kwamba alikitoboa chombo cha maskini waliokuwa wakifanya kazi baharini, ili mfalme aliyekuwa akinyang'anya vyombo vizima asikitamani. Twakumbuka pia ukuta uliokuwa karibu kuanguka, naye akausimamisha bila ya kutaka ujira, kwa sababu chini yake palikuwa na hazina ya mayatima wawili. Nimeisoma sura hii tangu nilipokuwa mtoto wa chuoni. Hata hivyo, mwaka uliopita ndipo nilipoiona mali ya maskini wa baharini na mali ya mayatima zimekuwa kitu kimoja, nacho ni mashua isiyokwisha, iliyoegemezwa magogo ufukweni katika kijiji kimoja cha visiwa vya Lamu. Leo napenda kuwasimulia habari ya mashua hiyo kwa idhini ya wenyewe, pamoja na kosa langu mimi niliyeitwa kutoa nasaha.

Mwenye mashua alikuwa mvuvi. Kwa miaka mingi alivua katika vyombo vya watu, akiweka akiba kidogo kidogo ili ajenge chake. Alianza na mkuku wa mbambakofi, akasimamisha hanamu mbele na fashini nyuma, kisha akawa anaongeza mbao kila anapopata fedha. Urefu wake ulikuwa dhiraa 16, yaani futi 24. Kusi lilipoanza kuvuma, Mwenyezi Mungu alimchukua mja wake. Mashua ilikuwa na mataruma yake yote na mbao hadi usawa wa kiuno cha mtu. Haikuwa na sitaha, mlingoti, usukani wala tanga, na haikuwa imetiwa kalafati hata mshono mmoja. Alimwacha mkewe, mwana mkubwa wa miaka 19, mwana mdogo wa miaka 13 na binti wa miaka tisa. Wazazi wake walikuwa wametangulia mbele ya haki.

Siku ya tatu ya msiba, ndugu wa marehemu alinijia. Alisema mbele ya watu kwamba yuko tayari kuinunua ile mashua kwa shilingi 60,000 ili mjane apate cha kushika mkononi. Mimi, bila ya kwenda ufukweni wala kuuliza fundi, nilituma salamu ndani kwamba ni shauri jema, kwa kuwa mbao zikikaa juani huharibika. Jawabu lililonirudia kutoka nyuma ya pazia sijalisahau hadi leo.

"Sheikh wangu, Mungu akujazi kheri. Wewe waziona mbao. Mimi nilikuwapo akizichagua moja moja. Kabla haijauzwa, naomba ajulikane kwanza mwenyewe ni nani, na thamani yake ni kiasi gani."

Nilijiona mdogo. Mimi ndiye niliyesoma vitabu vya mirathi, na yeye ndiye aliyeniuliza maswali mawili ambayo ilinipasa kuyauliza mwenyewe. Kitu kisichokwisha hakikosi mwenyewe. Pindi mtu anapokata roho, kila alichokimiliki huwa ni tirka, kikiwa kizima au nusu, kikiwa ni nyumba iliyoishia kwenye msingi au mashua iliyoishia kwenye mbao za ubavuni. Kwanza hutolewa gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, kisha warithi hugawana walivyogawiwa na Mola wao. Ami akiwa mwema namna gani, hana fungu katika mirathi ya nduguye aliyeacha watoto wa kiume. Na mimi, sheikh wa mtaa, sina idhini ya kuiuza mali ya mtoto wa miaka tisa kwa salamu.

Hapa niwakumbushe kina mama jambo moja. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, na ina heshima na adabu zake. Lakini eda haizuii hesabu ya mirathi. Mjane ana haki ya kujua kilichoachwa, kuuliza, kuandika na kuweka mwakilishi, hali yumo ndani ya nyumba yake. Wengi wetu humwambia mwanamke, "Wewe kaa eda, mambo ya nje tuachie." Akitoka eda, huyakuta mambo ya nje yamekwisha.

Tulimwita fundi mzee wa vyombo, mtu aliyeshika tezo na keekee tangu ujana wake. Alizunguka mashua mara mbili, akagonga kila ubao kwa ncha ya nyundo akisikiliza sauti yake, akaingia ndani, akapapasa maungio ya mataruma na mkuku. Alipomaliza alisema kwamba mbao mbili za karibu na fashini zimepasuka na lazima zing'olewe, lakini nyingine zote ni nzima. Akakadiria kazi iliyokwisha, pamoja na miti na misumari, kuwa ni shilingi 220,000. Yule ami alishangaa. Sikumwona kuwa ni dhalimu. Alikuwa amezitazama kama mbao za kuuzwa sokoni, wala hakuhesabu mikono iliyoziunganisha. Ndiyo sababu dini yetu haikutuachia makadirio ya mapenzi wala ya huruma. Hutakiwa mtu mwenye ujuzi akadirie, nasi tushuhudie.

Likaja jambo la pili: ni nani atakayekuwa na mamlaka juu ya fungu la wale watoto wawili? Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, baba akifa, msimamizi wa mali ya mtoto ni babu mzaa baba; akiwa hayupo, ni yule aliyeusiwa na marehemu; akiwa hayupo, ni kadhi. Mama au ami hapati usimamizi huo kwa ukaribu peke yake. Basi familia ilikwenda kwa Kadhi. Sheria ya Kenya inawapa Waislamu mlango huo katika kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010, ambacho kinazitambua Mahakama za Kadhi katika mambo ya ndoa, talaka, hali ya mtu na mirathi, pale pande zote zinapokuwa za Waislamu na zikakubali kuhukumiwa huko. Kadhi alimteua mama kuwa msimamizi wa mali ya watoto wake, akamtaka aweke daftari la kila kinachoingia na kinachotoka.

Sasa ikabaki shauri la kuikamilisha. Fundi alihesabu: mbao za juu, boriti ya kuukumbatia mlingoti, sitaha ya mbele na nyuma, misumari, pamba, mafuta, shahamu na chokaa, mlingoti na foromali, tanga na kamba zake, usukani, nanga na ujira wa mafundi. Jumla ilikuwa shilingi 180,000. Tena marehemu alikuwa na deni la shilingi 20,000 kwa muuza mbao. Mjane aliulizwa kuhusu mahari, kwani mahari isiyolipwa ni deni kama madeni mengine. Akasema alikwisha kuipokea yote. Zilihitajika, basi, shilingi 200,000 taslimu.

Mwana mkubwa alitaka akope dukani kwa riba, anunue na mashine kabisa. Nilimwambia, "Mwanangu, baba yako alijenga miaka sita ili asidaiwe na mtu. Usiishue mashua yake ikiwa na shimo la namna hiyo." Alinyamaza, lakini hakupendezwa, nami sikumlaumu. Kijana aliyebebeshwa nyumba ghafla huiona njia fupi kuwa ndiyo pekee.

Mama akatoa bangili zake, zikauzwa kwa shilingi 80,000. Ami, ambaye moyo wake ulikuwa umeshatulia, akasema atatoa 120,000. Wote wawili walitaka mambo yaende hivi hivi, "sisi ni watu wa nyumba moja." Hapo ndipo nilipopata nafasi ya kulipa kosa langu. Nikawaambia kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni. Mola wetu hakuteremsha aya ndefu namna ile kwa ajili ya maadui peke yao. Ndugu wanaopendana ndio wenye haja zaidi ya karatasi, kwa sababu wao ndio wanaoona haya kuulizana.

Tukaandika hivi. Thamani ya mashua kabla ya nyundo ya kwanza ni 220,000. Tukiondoa deni la 20,000, tirka ni 200,000. Mke hupata thumuni, yaani fungu moja katika manane, kwa kuwa marehemu ana watoto. Nayo ni 25,000. Kinachobaki ni cha watoto, mwana wa kiume kwa mafungu mawili ya binti: kila mwana 70,000, na binti 35,000. Bangili za mama si tirka. Ni mali yake mwenyewe, na hakuna mtu mwenye haki ya kuzimeza ndani ya mashua kwa jina la mapenzi. Basi mashua ikikamilika itakuwa imesimama kwa shilingi 400,000. Tukaigawa kwa hisa 80 za shilingi 5,000 kila moja. Ami alipata hisa 24. Mama alipata 16 za bangili na tano za mirathi, jumla 21. Kila mwana alipata hisa 14, na binti saba. Wakatia sahihi, na mashahidi wakatia zao. Binti mdogo alipoambiwa kwamba hisa saba za mashua ni zake, aliuliza kama ni upande wa mbele au wa nyuma. Tulicheka sote, na ilikuwa mara ya kwanza kusikia kicheko katika nyumba ile tangu msiba.

Kazi ilianza baada ya eda. Wengi wetu huiona mashua ikiwa majini tu, basi nitaeleza kidogo inavyokamilishwa. Kwanza fundi hakuongeza ubao, alipunguza. Zile mbao mbili zilizopasuka zilitolewa, na kila msumari uliokula kutu ukang'olewa. Kisha zikapandishwa mbao mpya. Kila tundu la msumari lilitobolewa kwa keekee kabla ya kupigiliwa, ili ubao usipasuke, na shingo ya msumari ikazungushiwa uzi wa pamba uliotiwa mafuta ili maji yasipate njia. Boriti ya mlingoti ilikazwa kwenye mataruma, na chini yake likalazwa gogo lenye kitako cha kuushika mguu wa mlingoti juu ya mkuku. Fundi alisema tanga likijaa upepo, nguvu yote huteremkia hapo.

Kisha ikaja kalafati. Pamba husokotwa, huloweshwa mafuta, halafu husindikwa katika kila mshono kwa patasi butu na nyundo, dhiraa kwa dhiraa, ndani na nje. Mama na bintiye, pamoja na wanawake wa jirani, walikaa kivulini mwa makuti siku nyingi wakisokota pamba hiyo. Wazee wetu walipojenga mitepe, ambayo haikuwa na msumari bali ilishonwa kwa kamba za nazi, tanga lake lilikuwa mkeka wa miyaa uliosukwa. Basi sokota-sokota ya kivulini si kazi ndogo katika habari za bahari, ijapokuwa jina la chombo hupewa aliyeshika tezo.

Hapo ndipo subira ya mwana mkubwa ilipokatika. Kaskazi lilikuwa karibu, wenzake wanatengeneza nyavu, na upande wa chini wa mashua ulikuwa haujakwisha. Alileta kopo la rangi, akataka mishono iliyobaki ipakwe ili mashua ishuliwe katika bamvua la kwanza. Fundi aliweka nyundo chini.

"Kijana, rangi ni ya watu wa ufukweni. Maji hayatazami rangi. Yakikuta mshono mtupu saa nane za usiku, na wewe uko nje ya mlango wa bahari, utanitafuta wapi mimi?"

Kijana akalirudisha kopo. Mtume wetu (S.A.W.) amepokewa akitufundisha kwamba Mwenyezi Mungu hupenda mja anapofanya kazi aifanye kwa ukamilifu. Ukamilifu huo hujulikana pale pasipoonekana, kwani sehemu ya chini ya mashua hakuna mpita njia anayeisifu. Bamvua la kwanza likapita, na mashua bado iko juu ya magogo.

Baada ya kalafati, sehemu ya juu ilipakwa sifa, ile harufu mnayoijua nyote, na chini ikapakwa deheni ya shahamu na chokaa, kwa ajili ya maji na wale wadudu wa baharini wanaotoboa mbao. Tanga lilikatwa na kushonwa mchangani, na pembeni likatiwa kamba. Nanga, upo wa kufulia maji, makasia mawili, taa na jaketi za kuokolea maisha kwa kila mtu atakayepanda vilinunuliwa kabla ya nyavu mpya. Mama alishikilia jambo hilo la jaketi, na baadhi ya wanaume walimcheka. Kutawakali hakuanzi kabla ya mtu kumfunga ngamia wake; hivyo ndivyo tulivyofunzwa. Kisha chombo kikaandikishwa kwa chama cha wavuvi wa ufukweni, BMU, na kukaguliwa na mamlaka ya serikali inayosimamia vyombo vya baharini.

Ilishuliwa mwezi ulipokuwa mpevu, maji ya bamvua yalipofika kwenye magogo. Tulisoma dua, tukala wali tuliopikiwa, na maskini wa kijiji wakapata fungu lao kwanza. Mtu mmoja alinong'ona kwamba bahari nayo ipewe chake. Nikamwambia kwamba sadaka ni ya Mwenyezi Mungu, na bahari ni kiumbe kama sisi. Haili wala haiombi.

Usiku ule mashua iliingia maji. Mwana mkubwa alikuja kwangu mbio alfajiri, akidhani kazi yote imepotea. Fundi alikuwa ameshafika, amekaa juu ya sitaha anafua maji kwa upo taratibu. Mbao zilizokaa juani muda mrefu huwa zimesinyaa. Zikiingia majini hunywa, huvimba, zikabana pamba kati yao, na mshono ukajifunga wenyewe. Siku ya kwanza walifua kila saa, siku ya pili mara tano, siku ya nne mara moja. Siku ya nane tanga lilipandishwa. Mama alisimama mlangoni kwake na bintiye hadi lilipopotea nyuma ya mikoko.

Leo mashua ile inavua. Wavuvi wakishagawana chao, fungu la chombo huletwa nyumbani, na mama huligawa kwa hisa 80 mbele ya shemejiye. Fedha za watoto wawili huandikwa kurasa zao peke yao. Ami ameniambia kwamba hajapata kulala usingizi mzuri kama tangu mambo yalipoandikwa, kwa sababu hakuna mtu anayemtazama akahisi kwamba amekula mali ya yatima. Tunalijua onyo la Suratun Nisaa juu ya wanaokula mali ya mayatima kwa dhuluma, kwamba wanachokila ni moto matumboni mwao.

Basi ndugu zangu, na hasa nyinyi kina mama, huenda nyumbani kwenu mna kitu ambacho marehemu alikiacha nusu: chumba kisichoezekwa, kiwanja kilicholipiwa kidogo, cherehani ya duka, mashua. Msikiuze kwa shauri la siku ya tatu, hata kama anayeshauri amevaa kilemba. Mwiteni mjuzi akadirie kama kilivyo. Lipeni deni. Yajueni mafungu, na ya watoto yapitie kwa Kadhi. Atakayetia fedha ya kukikamilisha aandikwe kiasi chake, akiwa ami, akiwa kaka, akiwa ni wewe mwenyewe na bangili zako. Kisha ndipo nyundo ianze.

Nami namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe ile salamu niliyoituma siku ya tatu. Namwomba amrehemu yule mvuvi, aifanye kila samaki ya mashua yake kuwa sadaka yenye kuendelea kwake, na awalinde mayatima wetu wote, wa nchi kavu na wa baharini. Amin.

Juma lijalo, inshallah, tutajibu maswali mliyoyaleta juu ya wasia na mipaka yake.

Wabillahi tawfiq.